Kisu cha Kuazima

Nianze na waliokuwapo, maana kisa kisicho na mashahidi watu hukiita ndoto. Alikuwapo mume wangu Alfonsi, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwapo binti yetu Skolastika, anayenunua mahindi kule Laela na kuyauza stendi; wengi mnamwita Skola. Alikuwapo jirani yetu hapa Malangali, Gaudensia, aliyekuja kuomba moto akakaa hadi jioni kama kawaida yake. Nami nilikuwapo. Na Kalisto, kifungua mimba wetu. Kalisto nitamweleza mbele, kwa sababu yeye alikuwapo na hakuwapo.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini kichwa changu hakijatoboka. Haya yalitokea. Na yalitokea mchana, si usiku, ndiyo maana nasema mnisikilize vizuri.

Zamani, Alfonsi alinunua visu viwili vya kukunja dukani kwa baba yake Mzee Swalehe, pale sokoni Sumbawanga. Vilikuwa vizito, bamba nene, mpini wa mti mweusi, na pete ya shaba unayoizungusha ili kisu kisikufungie vidoleni. Ukikifungua kinalia ta! mpaka aliye jikoni anasikia. Kimoja chake, kingine cha Kalisto. Akachoma alama kwenye mipini kwa msumari wa moto: chake nukta moja, cha mwanawe nukta mbili.

Kalisto alishuka Milepa kufuata mpunga, lori likaanguka. Yalikuwa masika, barabara ya bondeni imekatika, wakamzika hukohuko, kwenye tope jeusi la kule. Walituletea koti lake. Kisu, walisema, kilikuwa mfukoni mwa suruali, na hakuna aliyethubutu kumpekua maiti. Kwa hiyo mwanangu alizikwa nacho, nami sikumwona uso. Mama asiyemwona mwanawe uso wa mwisho, mnajua anabaki vipi? Anabaki mlangoni.

Miaka ikapita. Alfonsi akapigwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukalala. Wa kulia ukabaki na kisu chake. Asubuhi tunamtoa juani, anaibana ngozi ya ng'ombe kwa goti, anakata kamba za nira na mijeledi. Watu wa majembe ya ng'ombe walikuwa wanakuja kwake tu. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inamwamsha.

Siku moja bamba likakatika pale shinani, karibu na pini. Fundi wa kuchomelea akalitazama akatikisa kichwa: chuma cha kisu ukikichoma kinalegea, hakishiki makali tena. Kuanzia hapo Alfonsi hakutaka kutoka nje. Akageukia ukuta. Uji akawa anaonja tu anaacha. Nilikuwa namwona anaondoka huku nimemshika.

Skola akaja na basi la Laela, na kisu alichokitafuta wiki nzima. Cha kukunja nacho, kizito, mpini wa rangi ya chungwa. Kisu hatupokezani mkono kwa mkono kwetu. Unakiweka chini, mwenzio anakiokota, msije mkagombana. Skola akakiweka kwenye mkeka mbele ya baba yake. Alfonsi hakukigusa.

"Hicho ni cha kumenyea machungwa."

"Baba, kijaribu kwanza. Nimeuliza mpaka kwa wachuna ngozi."

"Rangi hiyo! Unataka ng'ombe wanicheke?"

Gaudensia akacheka pale mlangoni. Skola hakucheka. Alfonsi akasema lile neno, na mpaka leo linaniuma kama nililisema mimi: "Kalisto angejua cha kuninunulia."

Skola alikuwa ameilisha nyumba ile tangu ndugu yake afe. Alikunja khanga yake, akaniambia, "Kwaheri mama, nawahi basi," kama mtu anayeaga kwa watu baki.

Kesho yake nikavifunga visu vyote viwili, kile kilichokatika na kile cha Skola, nikaenda mjini. Nilizunguka. Wengine walinitolea visu vya kung'aa, vyembamba kama ulimi wa nyoka. Mwingine akanionyesha chenye kijiko na kifungua chupa, nikamwambia mume wangu hafungui hoteli. Mwisho nikafika kwa Mzee Swalehe mwenyewe, ambaye sasa naye ana mvi.

"Bi mkubwa, vile vimeisha," akasema. "Kiwanda kimeacha kuvitoa. Nimeuliza mpaka Dar, jibu ni lilelile. Labda nikuuzie mimi mwenyewe. Mgongo umeshakunjwa, ila nakata bado."

"Wewe huna pete ya shaba."

Tukacheka. Kisha akakishika kile cha Skola. Akakifungua, akakitikisa sikioni, akabonyeza bamba kwa upande. "Sikiliza, dada yangu. Usitazame rangi. Tazama hapa kwenye pini: hakichezi. Tazama bamba: nene. Kufuli lake linashika. Nani kanunua?"

"Skola."

"Basi kile kilichokufa mbadala wake ndio huu. Mwambie shemeji aache ubishi."

Ningemsikiliza, ningerudi nyumbani kwa amani. Lakini nilitaka kilekile. Moyo wa binadamu si mnaujua?

Nilitoka kwake mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, ukungu umeshuka mpaka kwenye mikaratusi, baridi ile yetu ya kuuma masikio. Karibu na njia ya kuingilia Malangali nikamwona mnoaji wa visu. Baiskeli ameiegesha kwa stendi yake, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka. Kofia ameivuta hadi puani. Niamini nikikwambia: alikuwa amegandamiza bamba kwenye jiwe, na halikulia. Hata cheche hakuna. Nikadhani ni masikio yangu ya uzee.

"Shikamoo mayo," akasema. Mayo ni mama kwa Kifipa. Vijana wa kwetu humwita hivyo kila mwanamke mzee.

"Marahaba mwanangu."

"Unatafuta nini kwenye mvua?"

Nikamweleza. Akaniambia niviweke visu juu ya gunia lake. Kile kilichokatika alikitazama akatabasamu kidogo, meno niliyaona. "Kimechoka kama mwenyewe." Kile cha Skola akakinoa, kimyakimya vilevile, akajaribia makali kwenye ukucha. "Aliyechagua hiki ana macho," akasema.

Ndipo akatia mkono mfukoni mwa suruali, akainama, akaweka kitu kwenye gunia. Mpini mweusi. Pete ya shaba. Kilekile!

Mimi macho yangu yote chini. Ndivyo tulivyolelewa, kisu kikiwekwa unakitazama kisu. Nikauliza bei.

"Cha kuazima hakina bei, mayo. Mpe mzee amalizie kamba zake. Akimaliza, nitakifuata."

Mimi nilikuwa nimemwambia habari za kamba? Sikumwambia. Lakini furaha hufunga masikio. Nikakiokota, kilikuwa cha baridi kama kimetoka kisimani. Nilipokuwa nimeinama nikaona miguu yake: suruali imelowa hadi magotini, imeganda tope jeusi, zito, la kunata. Nami nikamgombeza, kama ninavyomgombeza kila mtu.

"Baridi yote hii! Nenda kwenu ukabadili suruali. Mama yako akikuona hivyo atasema nini?"

Akainamia jiwe lake. Kisha akasema, polepole, "Mama hajaniona siku nyingi."

Nikasema pole, nikaenda zangu. Pole! Nilipofika kwenye kona nikakumbuka sijamwuliza jina, mimi ninayeuliza jina hata la kuku wa watu. Nikageuka. Hakuna baiskeli, hakuna gunia. Nikarudi mpaka pale. Kwenye tope la njia kulikuwa na alama za ndala zangu peke yake, kwenda na kurudi. Na tope la pale, nyote mnalijua, ni jekundu.

Nilifika nyumbani natetemeka. Gaudensia alikuwapo, akadhani ni homa. Nilikifungua kile kisu, kikalia ta!, na Alfonsi akageuka kutoka ukutani, yeye ambaye kugeuka kulikuwa kunatushinda watu wawili.

"Lete."

Nikakiweka kwenye mkeka. Akaupapasa mpini kwa kidole gumba. Nukta moja. Kidole kikasogea. Nukta ya pili. Machozi yakamtoka bila sauti, akauliza kitu kimoja tu: "Amevaa nini?"

"Suruali imelowa," nikasema. Hapo ndipo nami nilipoelewa nimezungumza na nani. Nililia mpaka Gaudensia akaita majirani.

Alfonsi akarudi juani. Alikula. Alikata kamba kama kijana, na kila kamba iliyokwisha ilinikata mimi. Nitakifuata, si ndivyo alivyosema? Ilipobaki ngozi moja, nikaificha chini ya magunia ya ulezi. Mzee hakunikaripia.

"Mama Kalisto, toa ngozi. Mtoto anangoja na baridi."

Mngefanya nini? Niliitoa. Lakini kabla hajaigusa akasema Skola aitwe, na Skola akaja kwa basi la kwanza, uso umemkauka. Alfonsi akamwambia, "Lete kile cha machungwa."

Skola akakiweka chini. Baba yake akakiokota, akabana ngozi kwa goti, akakata kamba ya mwisho kwa kisu kile, ndefu, imenyooka, hadi mwisho.

"Kinakata," akasema. "Kinakata vizuri, mwanangu. Nilikuwa nimefumba macho."

Skola alimwangukia magotini, na ule mkono uliolala, naapa, ulimfika kichwani. Kisha mzee akanipa kile cha nukta mbili kwa kukiweka chini, akaniambia nikakilaze kizingitini. Cha Skola akakitia mfukoni mwake.

Alfajiri mzee alikuwa amekwenda. Kizingitini hakukuwa na kisu; kulikuwa na bonge la tope jeusi, limekauka. Gaudensia alilifagia kabla sijamzuia, lakini aliliona, mwulizeni.

Wakati wa kumvalisha wazee walitaka kumtoa kisu mfukoni. Skola akasimama. "Hicho nilimnunulia mimi." Akazikwa nacho.

Tangu siku hiyo, mnoaji akipita nakimbilia nje hata kama chungu kiko motoni, na namtazama uso kwanza. Wananiona nimechanganyikiwa. Nawe unayesoma, ukipoteza kitu usikitafute kilekile; mbadala wake pengine uko mkekani kwako, umewekwa na aliye hai. Na kama atatokea mtu akupe kilekile, usiinamie alichokupa. Mtazame yeye.

Kama nimekosea mahali, jina au siku, wenye kumbukumbu mnisahihishe: Gaudensia, Mzee Swalehe, na wewe Skola. Na kama kuna mtu aliyepita njia ile ya Malangali mchana ule wa manyunyu, akamwona mnoaji mwenye suruali iliyolowa, aje aniambie. Sitamwuliza mengi. Nitamwuliza uso wake ulikuwaje, na kama alionekana amenikasirikia.