Mjomba wa Gerezani

Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mwalimu wa shule ya msingi, nikisoma shahada chuo kikuu kule Nyegezi pamoja na watoto wa rika la mwanangu. Somo la saikolojia ya jamii lilikuwa limeshanishinda mara moja. Sapu yenyewe, yaani mtihani wa marudio, ilikuwa hivi: tazama filamu fulani ya gerezani, kisha simama mbele ya darasa ueleze kwa nadharia kwa nini watu wa mle ndani wanatenda wanavyotenda. Nikishindwa tena, naondolewa chuoni. Na kwa kiherehere changu nilishawaambia ndugu zangu wote wa Magu washone sare za mahafali.

Filamu niliitazama Jumamosi mchana kwenye banda la video Kirumba, katikati ya akina mama waliotoka kuuza dagaa sokoni Mwaloni. Ilikuwa ile iliyotafsiriwa. Waigizaji waseme wanavyotaka. Juu ya sauti zao kuna mtafsiri wetu, naye ndiye anayetuambia kinachoendelea. Huyu alituambia kwamba yule askari katili ni mjomba wa mfungwa, na kwamba siku moja harusini kijana alimpita mjomba wake bila kumwamkia. Basi kila rungu liliposhuka, banda zima lilipiga kelele: "Mwamkie! Si umwamkie tu yaishe!" Mimi, msomi wa chuo kikuu, nilipanda juu ya benchi nikapiga kelele kuliko wote.

Nikaandika kurasa sita. Utii kwa wenye mamlaka, nafasi ambayo mtu anapewa katika jamii, shinikizo la kundi, yote nikayafunga kwenye shikamoo moja. Nilijiona nimeua.

Siku ya siku, mhadhiri, kijana mpole ambaye huniamkia kila asubuhi, alinisikiliza mpaka ukurasa wa pili. Kisha akavua miwani.

"Mama, samahani. Huyo mjomba umemtoa wapi?"

"Kwenye filamu."

"Kwenye filamu hakuna mjomba, mama. Wale watu hawajuani kabisa."

Alijitahidi kujizuia, ikamshinda, akacheka. Darasa zima likaangua kicheko. Binti mmoja wa mstari wa mbele alicheka mpaka akalalia meza. Niliona sare za Magu zikigeuzwa mapazia. Niliaibika sana, na mimi nikiaibika huwa mkali.

"Wewe binti, umeitazama hiyo filamu?"

"Hapana, mama."

"Sasa unacheka nini?"

Akamtazama mhadhiri. "Si mwalimu amecheka?"

Nikauliza nani mwingine ameitazama. Mikono miwili tu ilinyooka, mmoja ukashuka tena.

Makaratasi yangu nikayaweka chini. Nikawaambia, kule Kirumba watu wazima banda zima tulimwamini mtu mmoja kwa sababu alishika kipaza sauti, na kwa sababu jirani zetu walimwamini. Hapa darasa zima limemcheka mama mtu mzima kwa sababu mwenye chaki amecheka. "Sasa gereza la kwenye filamu tunalitafutia nini?"

Mhadhiri alivaa miwani yake akaandika kwa muda mrefu. Nilipewa alama za kupita, bila hata moja ya ziada. Magu walikuja wote na sare zao, wakaimba mpaka sauti zikakauka.

Baadaye nikaitafuta filamu yenyewe, isiyotafsiriwa, nikaitazama nyumbani kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Ni kweli, mjomba hayumo. Mwishoni mfungwa anaachiliwa, anamkuta yule askari getini, wanatazamana, kisha anapita zake bila kusema neno. Nilizima televisheni kwa hasira. Mateso yote yale, na bado hajaamkia!