Maji ya Kwanza ya Semeni

Mtaani kwetu Ujiji, ukitaka kujua nani kaposwa, nani kaachwa, na nani anapika kuku huku akiwaambia wageni hakuna kitu, ulikuwa unakuja kwangu. Sijisifu. Kazi yangu ni kupamba maharusi, inaniingiza vyumba vya ndani, na mwanamke anayesuguliwa singo mgongoni huwa hafichi jambo. Ndiyo maana hadi leo nikikumbuka habari ya Semeni mwili unanisisimka. Ua wake na wangu zilitenganishwa na ukuta mmoja, na kumbe nilichokuwa nakijua juu yake hakijazi hata kijiko.

Semeni alikuwa mpika maji. Alikuwa na sufuria kubwa ya pilau, mfuniko wake umetobolewa, na kwenye tundu hilo limechomekwa bomba jembamba la shaba. Bomba lilipita ndani ya ndoo ya maji baridi ya ziwani, likatokeza upande wa pili juu ya mdomo wa chupa. Ndani ya sufuria alitia mchaichai au mrehani. Mawaridi alikwenda kuyaomba kwenye nyumba za watumishi wa serikali kule Kigoma mjini, ambako yalikuwa yanapukutika bure na hakuna aliyejali. Alitia maji kiasi, akafunika, kisha akaziba ukingo wote kwa unga wa muhogo uliokandwa na majivu ili mvuke usitoroke. Moto alikuwa anauweka mdogo, mdogo kabisa, wa kuudhi mtu mwenye haraka kama mimi.

Kilichodondoka kwenye chupa hakikuwa mafuta wala marashi ya dukani. Yalikuwa maji maangavu yenye harufu ya jani lenyewe. Mtoto mwenye vipele vya joto alipanguswa nayo akapata usingizi. Mwanamume aliyechubuliwa na wembe wa kinyozi alijipaka akaacha kulalamika. Na maharusi wangu, singo ikishatoka na ngozi inawaka, niliwapoza kwa maji ya waridi ya Semeni, sifa nikachukua mimi. Mara moja askari waliingia uani kwake wakifuata bomba, wameshajua wamefumania gongo. Mmoja akaonja. Alivyokunja uso, Semeni alimhurumia, akampa chupa ampelekee mkewe.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa. Maji ya kwanza kutoka kwenye bomba, yale yenye harufu kali kuliko yote, Semeni hakuyauza. Aliyakinga kwenye kikombe cha bati, akachovya kiganja, akainama na kujibandika kiganja hicho kisogoni, macho ameyafumba. Ilikuwa hivyo kila mara alipopika. Nilidhani anajipoza joto la jiko, na macho anafumba kwa sababu ya moshi. Siku moja nilimuuliza, akajibu, "Nimezoea tu, shoga." Nami nikaridhika.

Alijulikana kuwa binti wa uzeeni wa Bi Mwamvua, bibi wa Kimanyema aliyefariki kabla mimi sijaolewa kuja hapa kutoka Ilagala. Mume wake Semeni naye tulikuwa tumeshamzika. Alibaki na nyumba ya urithi, mnanaa uani, mchaichai ukutani, na sufuria yake. Hakuwa na mwingine.

Miaka hiyo ziwa lilikuwa linaleta watu. Walikuja kutoka Burundi, kisha Kongo, na mitumbwi mingine ilifika na watoto peke yao. Mwaka wa tisini na saba ikatoka amri kwamba kila mkimbizi anayeishi nje ya kambi akusanywe apelekwe kambini. Malori yakapita Kalinzi, yakapita Simbo, na hayakuchagua mgeni wa jana wala wa juzi. Watu waliovuka tangu sabini na mbili, waliozaa hapa na kuzika hapa, walipandishwa pamoja na vigoda vyao. Ukishapanda hurudi kwako tena. Nyumba inabaki kwa atakayewahi.

Ndipo Edina akaja kwangu kutafuta kibarua. Alisema kwao ni Kalinzi. Kiha chake kilikuwa kinateleza kidogo mwishoni mwa maneno, lakini mimi nilikuwa na harusi mbili na hakuna wa kunitwangia liwa ya kuwapaka maharusi, kwa hiyo nikapenda kuamini Kalinzi. Uso wake ulikuwa umeungua kwa jua la ziwani, ngozi imepasuka mashavuni na shingoni. Hakuweza hata kucheka vizuri. Nikamwambia, "Twende kwa jirani yangu, akupe maji ya mrehani, maana bibi harusi akikuona hivi atakimbia."

Tulimkuta Semeni ameshaziba sufuria, anasubiri. Edina akaamkia, akakaa kwenye mkeka, akaanza kuitazama ile sufuria. Aliutazama ukingo wa unga na majivu kwa muda mrefu mpaka nikaona anakosa adabu. Bomba likaanza kudondosha. Semeni akakinga kikombe cha bati, akachovya kiganja, akainama.

Edina akamshika mkono.

"Usijipake mwenyewe," alisema taratibu. "Hakuna anayejipaka. Mkubwa ndiye humpaka mdogo."

Kisha akachovya mkono wake kwenye kikombe, akaubandika kisogoni kwa Semeni. Nilidhani Semeni atamfukuza. Hakumfukuza. Alibaki ameinama vile vile, na chupa chini ya bomba ikajaa, ikafurika, maji yakamwagika ardhini. Semeni, ambaye tone moja likianguka alikuwa ananung'unika mchana kutwa, hakunyanyua hata kidole.

"Mama alikuwa anaanza na wewe," Edina alisema. "Alisema mtoto akinukia hivi hapotei."

"Ziada," Semeni akaniita bila kuinua kichwa, "nenda nyumbani."

Nikajikalia pale pale mkekani. Nikamwambia siendi popote mpaka nijue ninachokiona. Basi akasema. Alisema kwa sauti ndogo huku anafuta shingo na kanga, kama mtu anayetaja habari za mtu mwingine. Alizaliwa karibu na Rumonge, kule Burundi, mama yao alikuwa akiwapikia masista wa misheni maji ya mchaichai. Jina lake lilikuwa Skolastika. Mwaka wa sabini na mbili walikimbilia ufukweni, watu wakagombea mitumbwi, mkono wa dada yake ukamponyoka. Mtumbwi ukamleta hapa. Bi Mwamvua alimkuta analia sokoni kwenye dagaa, akamchukua, akamwita Semeni, akauambia mtaa kuwa ni mwanawe aliyekuwa analelewa kwa ndugu Kasulu.

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Miaka yote tumeazimana chumvi, nimelia msibani kwake mpaka sauti ikakauka, na nilikuwa simjui jina. Nikamuuliza, "Na mimi pia ulinificha?"

"Wewe hasa," alijibu. "Wewe ungeanzaje kunyamaza?"

Na hapo hapo hasira ikageuka hofu, kwa sababu niliyakumbuka malori. Mtu mmoja akisikia, nyumba imekwenda, kaburi la mume limeachwa, sufuria imekwenda. Nikawaambia wote wawili wafunge midomo, nami nitajitahidi kuufunga wangu, kazi ngumu kuliko zote. Edina akaitikia, "Ego, ndiyo, dada." Alikubali kubaki kwangu kama mtwanga liwa tu, wala asimwite mwenzake ndugu mbele ya watu.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja Edina alikuwa uani kwa Semeni anachambua mrehani, nami nimepitia kuchukua chupa zangu, akaingia Vedasto, mwenyekiti wetu wa mtaa, na askari nyuma yake. Lori limesimama mbele ya ofisi ya kata, alisema. Wameambiwa kuna Mrundi hapa. Vedasto hakuwa mtu mbaya. Alitazama chini alipouliza, "Bi Semeni, huyu mama ni nani wako?"

Semeni alikuwa anaziba sufuria. Kidole chake kiliendelea kubana unga ukingoni, hakikukosea.

"Simjui," alisema. "Amekuja kununua maji."

Ndivyo nilivyotaka aseme, mwenyewe nilimfundisha, na nilipoyasikia maneno yale yakanitia baridi. Edina akasimama, akakung'uta majani kwenye kitenge chake. "Ni kweli," alimwambia Vedasto. "Nimekuja kununua maji." Akatoka mbele ya askari, hakugeuka. Hata chupa ya kumsaidia kudanganya hakuichukua.

Nilikaa kwenye kinu. Semeni alipuliza moto, akasubiri kama siku zote. Bomba likaanza kutoa. Akakinga kikombe, akachovya kiganja, akainama, na mkono ukabaki njiani kati ya kikombe na kisogo. Haukufika. Akautazama kama si wake. Halafu akasimama na kikombe, akatoka nje bila viatu.

"Semeni," nikaita, "rudi hapa. Semeni, usiwe mjinga." Nikamkimbilia. Alikuwa anatembea haraka, kikombe amekifunika kwa kiganja kisimwagike.

Mbele ya ofisi ya kata mtaa mzima ulikuwa umekusanyika. Ndani ya lori watu walikuwa wamebanana na magodoro yao, Edina amekaa ukingoni. Semeni akaenda moja kwa moja kwa Vedasto.

"Niandike na mimi," alisema. "Yule ni dada yangu. Tumezaliwa Rumonge."

Watu wakacheka. Walicheka kweli, wakidhani Semeni analeta masihara. Kisha wakaona uso wake, na kicheko kikakatika kwa mkupuo. Mimi nilikuwa naijua siri, lakini kuisikia pale juani, mbele ya wauza dagaa na watoto wa shule, kulinipiga upya.

"Bi Semeni, acha hayo," Vedasto alisema, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Mama yako Bi Mwamvua ndiye aliyenipeleka kutahiriwa. Umechanganyikiwa na huruma. Rudi nyumbani upumzike."

"Ni mtoto wa Bi Mwamvua huyo," wazee wakadakia. "Sisi mashahidi." Mtaa mzima ukamtolea ushahidi, kila mtu kwa nia njema, wanamvuta nyumbani kwa uongo ule ule aliouishi tangu utotoni. Nami nikapaza sauti kuliko wote. Nilisema namjua huyu kuliko mtu yeyote, na kwamba ni mzaliwa wa Ujiji. Sijawahi kudanganya kwa moyo mweupe kama siku ile.

Askari akachoka. Akamuuliza Edina, "Wewe, huyu ni ndugu yako?"

Edina alimtazama Semeni, miguu mitupu, kanga imelowa. "Hapana," alisema. "Huyu mama simjui. Anauza maji."

Basi, nikapumua. Nilidhani yamekwisha. Lakini Semeni hakubishana naye. Alisogea mpaka kwenye ubao wa lori, akanyanyua kikombe akakiweka karibu na magoti ya Edina. Akaivua kanga ya kichwani, akainamisha shingo mbele ya kila mtu, akasubiri.

Edina aling'ang'ania ubao kwa mikono yote miwili. Alijizuia, nami nilimwona anajizuia, midomo ameibana mpaka ule mpasuko wa jua shavuni ukatoa damu. Nilimwomba Mungu asimpe nguvu ya kujizuia, kisha nikamwomba ampe. Mwishowe mkono ukatoka wenyewe. Akachovya, akaubandika kisogoni kwa mdogo wake, na kilio kilichomtoka sitaki kukisikia tena maishani.

Harufu ya mrehani ikatufikia tuliokuwa mbele. Yule askari akageuza uso. "Panda," alimwambia Semeni, kwa upole.

Vedasto ndiye aliyemshika mkono kumpandisha, na alikuwa analia kama mtoto. Lori likawashwa. Nilisukumana na watu mpaka ubaoni, nikitaka kumtukana, nikitaka kumwambia hata sijui nini. Semeni aliniwahi.

"Ziada," alisema, "kautoe moto. Sufuria isije ikaungua."

Nikarudi. Chupa ilikuwa imefurika tena na ua wote unanukia. Niliutoa moto, nikabandua ule unga wa muhogo ukingoni, na alama za kidole chake zilikuwa bado zimejipanga pale mbichi.

Bomba na sufuria nilimpelekea kambini nilipopata kibali. Nyumba wameingia watu wengine, na mchaichai wameung'oa wakajenga banda la mbuzi. Mimi nilibakiza kikombe cha bati, ambacho kilianguka lori lilipoondoka, Vedasto akakiokota barabarani. Juzi nilijaribu kupika maji ya mrehani kwa kifaa cha kuazima. Yalipotoka ya kwanza nikayakinga, nikachovya kiganja, nikainama nikajipaka kisogoni, niko peke yangu uani.

Macho yakajifumba yenyewe. Na mimi miaka yote nilikuwa nikidhani ni moshi.