Msiba wa Sukari Makote

Bibiana hakuwa mchoyo. Hilo alilisema mwenyewe, tena mara nyingi kuliko kawaida ya mtu asiye mchoyo. Alikuwa, kwa maneno yake, mtu wa tahadhari, na tahadhari hiyo aliitoa Lulindi, alikozaliwa, kwa baba mpiga kengele wa kanisa na mama aliyeimba alto kwa sauti ya kutisha mbuzi.

Usichana wake uliangukia miaka ile baada ya vita vya Uganda, nchi ilipokaukiwa. Gauni lake la kipaimara lilifuliwa kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haikuwepo Lulindi wala Masasi, na alipopiga magoti mbele ya askofu alinuka kama mboga iliyochemka. Mjomba wake alikuwa na kiduka. Aliposikia kwamba walanguzi wanasakwa, akaingiwa na kiwewe, akatumbukiza sabuni zake zote chooni. Masika yalipoanza choo kikatoa povu. Povu likashuka mpaka njiani, jeupe, linanukia vizuri kupita kiasi kwa mahali lilipotoka, na wanawake wakaja na ndoo zao za nguo. Bibiana mwenyewe alikwenda na shuka.

Mwingine angejifunza kwamba kuficha ni aibu. Bibiana alijifunza kwamba mjomba wake alichagua mahali pabaya pa kuficha.

Akaolewa Makote, juu huku Newala, na Selestini, mkulima wa korosho mrefu kama mlingoti wa bendera ya shule, mpole, asiyegombana na mtu ila kunguru. Wakapata mtoto mmoja, Nehemia. Nehemia alipokua na kwenda kufanya kazi ya ufundi Mtwara, chumba chake hakikukaa wazi hata kwa wiki. Bibiana aliingiza gunia la chumvi. Chumvi ikaita viberiti, viberiti vikaita mishumaa, na Nehemia aliporudi kusalimia Krismasi alilala sebuleni, kwa sababu kitandani kwake palilala madumu ya mafuta ya kula.

"Mama, mbona mafuta yana neti na mimi sina?" aliuliza.

"Wewe una nyumba Mtwara," alijibiwa.

Basi ikafika masika ya mwaka elfu mbili ishirini na nne. Mvua iliyonyesha huko pwani ilibomoa barabara ya kwenda Dar es Salaam, na malori ya bidhaa yakakwama upande wa pili yakitazamana na maji. Sukari, ambayo tangu mwanzo wa mwaka ilikuwa inapatikana kwa kujuana, sasa ikawa haipatikani hata kwa kujuana. Maduka ya Newala yalibaki na biskuti, betri, na wenye maduka.

Watu wengine walihuzunika. Bibiana alichanua. Maisha yake yote alikuwa amewaambia watu kwamba siku itakuja, nao wakamcheka; sasa siku imekuja, na yeye ana chumba. Jioni alikuwa anaingia mle, anafunga mlango, anashikashika vitu kimoja kimoja kama mtu anayekagua watoto kabla hawajalala.

Jirani yake, Swaumu, alikuja asubuhi moja na kikombe mkononi.

"Hodi, Mama Nehemia. Nisaidie sukari kidogo tu. Mama amelala na homa, uji mchungu haupiti."

"Jamani, Swaumu," Bibiana alisema, akajiegemeza kwenye mlango wa chumba kile, "hata sisi tunakunywa chai bila sukari. Muulize Baba Nehemia."

Selestini, aliyekuwa ukumbini na kikombe cha chai tamu, alitazama nje kwenye mikorosho kama mtu aliyeitwa na mikorosho. Swaumu akashukuru, akarudi kwake na kikombe chake.

"Umenifanya mwongo," Selestini alisema.

"Sijakufanya chochote. Hukusema neno."

"Ndiyo uwongo wenyewe."

Ungedhani Bibiana alitosheka. Hakutosheka. Alipata habari kwamba mfanyabiashara mmoja wa Masasi ana mfuko mzima wa sukari, wa mwisho, na anautoa kwa mtu anayemwamini. Bibiana aliaminika, alikuwa mteja wake tangu enzi za mizani ya mawe. Tatizo lilikuwa kuufikisha Makote. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza mkutanoni kwamba mwenye akiba awauzie wenzake, na wakati anatangaza alimtazama Bibiana, na mkutano mzima ukageuka kutazama kule mwenyekiti anakotazama. Mfuko wa sukari ungeshushwa mbele ya nyumba yake mchana kweupe, usingemaliza kushushwa kabla foleni haijafika barabarani.

Alitafakari jambo hilo akiwa amesimama kivulini huko Masasi, alikokwenda kuufuata, na kivuli alimosimama kilikuwa cha karakana ya Anthony, fundi wa majeneza.

Hakuna anayefunua jeneza la mtu njiani. Hakuna anayeuliza mna kilo ngapi humo. Na tena, alijiambia, Selestini amekuwa anakohoa tangu mvua zianze. Halitapotea bure.

"Marehemu ana urefu gani, mama?" Anthony aliuliza, uso ameushusha kwa heshima.

Bibiana alinyoosha mkono juu ya kichwa chake, akaupandisha kidogo, akafikiria miguu ya mumewe ilivyotokeza kitandani, akaupandisha tena. "Hivi."

"Pole sana."

"Nimeshapoa," alisema Bibiana, kisha akakumbuka kuinamisha kichwa.

Dereva wa pikapu aliyempata ni Faruku, kijana wa Newala aliyekuwa anarudi tupu. Sukari, sabuni, na mchele kidogo wa kuziba mapengo vilipangwa ndani ya jeneza kwenye ua wa nyuma wa yule mfanyabiashara, na mfuniko ukapigwa misumari. Faruku alitazama yote hayo. Kisha akakata tawi la majani mabichi akalifunga mbele ya gari.

"La nini hilo?" Bibiana aliuliza.

"Mama, shikamoo yako kubwa, lakini mimi nikibeba jeneza bila majani watu watasema Faruku hana adabu. Kama tunazika sukari, tuizike kwa utaratibu."

Wakaondoka taratibu, taa zimewashwa. Bibiana hakuwa ametegemea heshima. Bodaboda zilisimama pembeni. Wazee walivua kofia. Askari mmoja wa barabarani, ambaye kwa kawaida hukagua hadi upepo wa tairi, alipiga saluti, na Bibiana, kwa mazoea ya watu waliolelewa vizuri, alimpungia mkono.

"Wafiwa hawapungi," Faruku alisema kwa upole.

Akajifunika khanga usoni. Simu aliizima ili isimtoe kwenye hali ya majonzi. Ilikuwa ni kosa, kwa sababu walipopita Lulindi wapo waliomjua kwa ile khanga kabla ya kumjua kwa sura, na habari ikapanda mlima kwa simu huku pikapu ikipanda kwa gia ya kwanza.

Habari yenyewe ilifika Makote imechoka njiani. Iliyotoka Lulindi ilisema: Bibiana anapita na jeneza. Iliyofika kwa Swaumu ilisema: jeneza la kwa Bibiana liko njiani. Swaumu akatoka mbio kwenda kumlilia Selestini, akamkuta Selestini ukumbini anakula ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, mzima, na kachumvi pembeni. Wakatazamana. Kama siyo Selestini, basi ni nani? Selestini akapiga simu ya mkewe. Haikupatikana. Akapiga tena. Akaendelea kupiga mpaka Swaumu alipomnyang'anya ile simu mkononi, na Swaumu mwenyewe akaanza kumlilia Bibiana kwa sauti.

Kwa hiyo pikapu ilipoingia kijijini, Bibiana alikuta turubai limefungwa kwenye mikorosho yake mwenyewe. Moto umewashwa, masufuria ya kukopa yamepangwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi ya kanisa. Alidhani Selestini amekufa kweli. Alidhani Mungu amemchukulia maneno kama alivyoyasema.

"Simamisha," alimwambia Faruku, na gari likiwa bado halijasimama vizuri akafungua mlango.

Selestini alikuwa kwenye kiti katikati ya wanaume. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili, vifungo vimepishana. Macho yamevimba. Pua inatoka makamasi na hakuna hata mmoja aliyemwambia ajifute, kwa sababu mfiwa haambiwi. Alimwona mkewe anashuka kutoka kiti cha mbele. Akamtazama yeye, akatazama jeneza, akamtazama yeye tena.

"Wewe si uko nyuma?" alisema.

Mwanamke mmoja alipiga ukelele akakimbilia shambani. Wengine walisimama nusu, hawajui kama wakimbie au wakumbatie. Swaumu alimfikia Bibiana wa kwanza, akamshika mashavu, akambana kama anayepima embe.

"Ni wa moto," alitangaza. "Ni mzima! Sasa mle ndani yumo nani?"

Hapo Bibiana angeweza kusema ukweli. Watu wamesimama, mume analia, mlango uko wazi. Lakini uwongo wa tangu asubuhi una mwendo wake, hausimami kwa breki moja.

"Ni mjomba," alisema.

"Mjomba gani?" Selestini aliuliza. "Wajomba zako wote tulishawazika. Nilichimba mimi."

"Mjomba wa mbali."

Kwa mzee Majaliwa, aliyekuwa kiongozi wa mazishi yote ya mtaa ule, mbali au karibu marehemu ni marehemu. Akaita vijana, wakaingia chini ya jeneza, wakanyanyua, wakayumba.

"Alikuwa na mwili," alisema mmoja akihema.

"Taratibu," Bibiana alisema. "Msimlaze upande."

Wakamlaza upande. Misumari ya Anthony ilikuwa imara, lakini ubao wa chini ulikuwa wa mwembe mbichi, na kona ikafunguka kidogo tu, ncha ya ubao ikatoboa mfuko. Sukari ikaanza kutoka. Ilitoka kwa mstari mwembamba, mweupe, bila haraka, ikadondoka kwenye bega la mzee Majaliwa aliyekuwa anatembea kando yao, ikajaa kwenye mkunjo wa koti lake. Mzee alisimama. Alitazama bega. Kwa namna ya mtu aliyeona mengi katika kazi yake lakini si hili, alichovya kidole, akakitia mdomoni.

Watu wakasogea karibu.

"Marehemu," alisema mzee Majaliwa, "ni mtamu."

Haikujulikana nani alianza kucheka. Wengine walisema ni Faruku, aliyekuwa amejificha nyuma ya usukani. Kicheko kilipita kwenye mabenchi, kikaingia kwenye mikeka, na wale waliobeba jeneza ikabidi walitue chini wacheke vizuri. Bibiana hakucheka. Alikuwa anatazama mkeka wa wanawake, mahali pa kuweka michango ya msiba. Palikuwa na mihogo, kisamvu kilichotwangwa, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na kikaratasi kilichokunjwa, kimelowa kidogo. Alijua ni nini kabla hajakishika.

"Hii umeitoa wapi?" alimuuliza Swaumu.

"Mwalimu Claudia wa shuleni alinigawia sukari ya mama, ya uji," Swaumu alisema. "Nikasema msiba hauwezi kukosa hata chai ya mfiwa. Mama alisema nilete yote."

Bibiana alisimama na kile kikaratasi mkononi. Kisha akavua khanga ya begani, akajifunga kiunoni.

"Faruku! Leta nyundo. Fungueni hili. Na ninyi hapo msicheke na masufuria tupu, chumba cha Nehemia kiko wazi. Mafuta yako kitandani. Swaumu, wewe chukua ya mama kwanza, chukua ndoo, siyo kikombe."

"Kwa hiyo tunaomboleza au hatuombolezi?" mzee Majaliwa aliuliza, bado analamba kidole.

"Kuleni kwanza!"

Wakala. Walikuwa wamekuja na huzuni ya kweli, na huzuni iliyokosa mtu wa kumzika ina njaa kali. Wakapika pilau, chai ikawa tamu mpaka meno yakalalamika, na waliopata habari kwa kuchelewa walifika wanalia kutoka mbali, wakaonyeshwa Bibiana akikoroga sufuria, wakapewa sahani. Mwenyekiti wa kijiji naye alikuja na hotuba ya rambirambi mfukoni. Akaombwa aisome hivyo hivyo, na Bibiana akasikiliza sifa zake mwenyewe amesimama na mwiko: ukarimu wake, moyo wake wa kutoa. Hapo ndipo na yeye alicheka, mpaka akashikilia nguzo ya turubai.

Kilichobaki kwenye chumba cha Nehemia baada ya watu kutawanyika kilikuwa chumvi na mishumaa. Jua lilikuwa linashuka. Selestini alizunguka jeneza tupu lililobaki uani, akatazama, akalala ndani. Miguu ilifika ukingoni, sawasawa.

"Mama Nehemia," alisema kutoka mle ndani. "Hiki ni kipimo cha nani?"

"Fundi alikadiria tu."

"Amekadiria mpaka unyayo?"

Bibiana alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga, mgongo kampa. "Ulilia kweli leo," alisema, "au ulikuwa moshi?"

Sukari iliyobaki kwenye nyufa ilikuwa imemgandia Selestini mkononi, akailamba.

"Moshi," alisema. "Hebu nishike mkono nitoke, hili ni jembamba mabegani."

Akamshika, akamvuta. Siku iliyofuata ilibidi Bibiana akatafute sabuni ya kufulia lile shati la Jumapili, akaipata kwa Swaumu, kipande, kwa kuomba.