Firmin na Shujaa Asiyeruhusiwa Kufika

Watu wengine huchoshwa na jembe, wengine na ndoa. Firmin Gathoye wa mji wa Hastrelle, kando ya mto Meuse, alichoshwa na kumchora mtu mmoja kwa miaka thelathini na minne. Ukidhani hiyo si kazi, chukua kalamu uchore pua, kisha uirudie pua hiyohiyo mara elfu kumi bila kuipotosha, halafu njoo tuzungumze.

Mtu mwenyewe ni Gosuin. Hastrelle nzima inamjua, hata wasiojua majina ya babu zao. Zamani za mapanga na deraya, Gosuin alimwapia mjane mmoja kwamba atamrudishia mwanawe aliyechukuliwa vitani. Akapanda farasi akaenda, hakuonekana tena. Kisa kinaishia hapo. Wazee wa kule hawakuwa watu wa kubembeleza wasikilizaji. Firmin, alipokuwa kijana mwenye kichwa moto, akasema: kama hakurudi, basi bado yuko njiani. Akamtupa nyotani kwenye vitabu vya katuni. Farasi akawa chombo cha angani, mkuki ukawa wa mwanga, majoka yakawa mitambo yenye njaa. Huwaambia watu alifanya hivyo kwa fikra nzito. Uongo mtupu! Alikuwa hajui kuchora farasi. Kila farasi wake alifanana na mbwa aliyevimba.

Vitabu vikapendwa, kimoja karibu kila mwaka. Mwishowe kidole gumba cha mkono wa kulia kikagoma, na daktari akamwambia aache. Firmin akaomba apewe kitabu kimoja tu, amfikishe Gosuin nyumbani. Akakichora kwa mwaka na nusu, akimeza dawa asubuhi na jioni. Kurasa nne za mwisho Gosuin anamleta mtoto kwa mama yake.

Mchapishaji wake, Solange Piret, akazitenga kurasa hizo pembeni.

"Hizi sizichapi, Bwana Firmin."

"Zina kosa?"

"Zinamaliza kisa. Mtu akishafika kwake, nani atanunua kitabu cha kumtazama anavua viatu?"

"Mimi ningenunua, mama."

"Wewe nenda kapumzike. Kuna kijana kule Lyon ana vidole kumi vizima. Ataendelea naye."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu wachoke."

"Watu hawachoki. Anayechoka ni Gosuin."

Lakini ubishi wa nini? Firmin alipokuwa na miaka ishirini na saba alitia saini karatasi ya kumwachia mchapishaji haki zote, mkahawani, povu la bia mdomoni, bila kusoma hata mstari. Gosuin wa kuchapishwa hakuwa wake. Kitabu kikatoka bila zile kurasa nne: mwishoni Gosuin amesimama juu ya mwezi fulani wenye baridi huko angani, amemshika mtoto mkono, na chini yao neno moja, "Inaendelea."

Sasa, kule kuna desturi. Kitabu kipya kikitoka, mchoraji hukaa mezani akamchorea kila msomaji picha kwa mkono, kwenye ukurasa mweupe wa mwanzo. Bure kabisa. Watu huja na vigoda na kahawa, wakangoja kwa muda wa saa nne wapate picha ya dakika kumi. Mchoraji akikataa, amejizika.

Jumapili hiyo mvua ilinyesha, na ukumbi wa manispaa ulinuka makoti mabichi. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Odon Lambinet, dereva mstaafu wa treni.

"Mzee mwenzangu, nichoree kofia ya chuma. Lakini si kama ya mara iliyopita, ilipinda kama sufuria ya mke wangu."

"Leo hakuna kofia. Utapokea utakachopewa."

"Makubwa! Kidole kinaumwa, mdomo ndio umenona."

Firmin akamchorea chombo cha Gosuin kikishuka kutoka mawinguni juu ya mapaa ya Hastrelle, na pembeni akaandika namba moja. Wa pili alikuwa Bertine, mkunga. Yeye akapata chombo kimetua malishoni, ng'ombe wanakimbia huku na huku, na namba mbili.

Odon hakuondoka. Alikuwa anatafuna chipsi na kuchungulia vya wenzake, tabia yake hiyo. Mtu wa tatu alipopata picha ya mlango wa chombo ukifunguka, taya likamsimama Odon.

"Bertine, hebu lete chako hapa. Changu moja, chako mbili... Nyie! Asiondoke mtu na kitabu!"

Wakavipanga wazi juu ya meza ndefu, kimoja baada ya kingine. Kila aliyechorewa akaenda kuweka chake, kisha akarudi mwanzo kusoma. Kurasa zile nne alizozikataa Solange zilikuwa na visanduku vya picha ishirini na sita, na foleni ilikuwa na watu karibu thelathini.

Kufikia cha kumi na tisa, gumba lilikuwa limevimba na kung'aa. Bertine akalifunga kwa leso yenye maji baridi.

"Baba, acha. Hiki si kidole tena, ni soseji."

"Bado saba."

"Ningekuwa mkeo ningekuchapa."

"Ungekuwa mke wangu ningekuwa nimezoea."

Solange aliingia na mwavuli wake wakati cha ishirini na tatu kinakauka. Akaifuata meza polepole, akisoma, mpaka akafika alipo Firmin.

"Hizi ni zile kurasa."

"Si kurasa, mama. Ni picha za wasomaji. Ulinifundisha mwenyewe nisimkatae msomaji."

"Changu ni changu," Odon akadakia. "Anayekitaka aje anipokonye."

Ukumbi ukacheka. Solange hakukasirika, alionekana amechoka yeye pia.

"Nje ya Hastrelle hakuna atakayezisoma, Firmin."

"Mjane alikuwa wa Hastrelle."

Solange akavuta kiti, akaketi.

Cha mwisho kilikuwa cha Josette wa duka la mikate. Kisanduku cha ishirini na sita ndicho kile cha mama mwenyewe, uso wake anapomwona mwanawe. Firmin akaanza shavu, mstari ukapepesuka kama mlevi. Akaushika mkono kwa mkono wa pili. Ukapepesuka tena. Akautazama ule mkono kama mtu anayemtazama punda aliyelala njiani na mzigo. Kisha akaligeuza shavu lililoharibika kuwa jiwe la ukuta. Akavuta mistari minne iliyonyooka, akaongeza komeo, na dirisha lenye taa.

Josette akakigeuza kitabu huku na huku.

"Mlango tu? Wako wapi?"

"Wameshaingia."

"Na mama yake? Miaka yote hii nilitaka kuuona uso wake."

"Mwache," Firmin akasema, akiifunika kalamu. "Ana wageni."

Josette akaupuliza wino mpaka ukakauka, akaenda kukiweka kitabu mwisho wa meza.