Mama Kola Mbele ya Kamati

Mama Kola alishona kola za mashati kwa miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kushona shati zima. Ndivyo kiwanda kilivyopangwa: huyu mikono, yule vifungo, yeye kola. Akikutana na mtu barabarani alitazama shingo kwanza, uso baadaye, na kola iliyokaa upande ilimuudhi kuliko tusi. Alikuwa mjane, mgongo umepinda kidogo, ulimi haujapinda popote.

Kwa kola hizo alimsomesha mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, tangu kaptura ya kwanza mpaka chuo. Mdogo mtu akarudi na begi la vitabu, akapata ukarani wa bohari palepale kiwandani, na mwaka haujaisha akawa katibu wa Kamati ya wafanyakazi. Wenzake walimwita Nadharia, naye akalipokea jina hilo kama nishani. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma vitabu vitatu akadhani amemaliza maktaba, na watu wa namna hiyo wana madhara kuliko wezi, maana mwizi angalau hukutazama vizuri kabla ya kukuibia.

Wakati huohuo Tajiri, mwenye kiwanda, alikuwa na yake. Aliwaita washonaji wa kola na vifungo, wanawake kumi na wanane, akawaambia wabebe vyerehani wakashonee nyumbani. "Mtakuwa karibu na watoto," alisema, meno yote nje. Hakusema kwamba kuanzia siku hiyo umeme ni wao, sindano ikivunjika ni yao, na asiyeshona kwa homa hana ujira. Cherehani kikawekwa chumbani kwa Mama Kola, kati ya kitanda na ndoo ya maji, akawa analala na harufu ya grisi puani. Kila Jumamosi alikipindua kukitia mafuta, na kila Jumamosi alikiona kibati kilichopigiliwa chini yake: MALI YA KIWANDA, NAMBA 41.

Kamati ilipoitisha mkutano wa kuandika madai ya mgomo, Mama Kola alifika na wenzake kumi na saba, wakakaa benchi la mbele. Walitaka dai moja tu liongezwe: washonaji wa nyumbani warudishwe kiwandani. Bila mgomo huo hakuna ambaye angewarudisha, na walilijua hilo.

Nadharia akasimama.

"Ndugu zangu, kabla hatujaandika, tujiulize. Hawa ni wafanyakazi?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Mfanyakazi ni yule asiye na cha kuuza ila nguvu zake. Mwenye nyenzo zake za uzalishaji mali ni kitu kingine. Hawa wana vyerehani, viko majumbani mwao. Kisayansi, hawa ni mabwanyenye uchwara."

Bwanyenye! Mama Kola alitazama viatu vyake, alivyovishona mwenyewe kwa uzi wa kola, kisha akanyoosha mkono.

"Subiri, mama," alisema mwenyekiti, mkata vitambaa mstaarabu aliyeogopa maneno makubwa. "Wanaosema hapa ni wafanyakazi. Kama nyinyi ni wafanyakazi au la, ndicho tunachojadili."

Akainuka Miwani, mpiga pasi, mpinzani wa Nadharia na kiongozi wa mrengo uliojitenga kwa sababu ambayo hata wenyewe kila mmoja aliisimulia kivyake. Alidai kwamba kwa umbo wanawake hawa ni mabwanyenye, ila kwa kiini ni wavujajasho. Nadharia akajibu kwamba umbo na kiini havitenganishwi. Miwani akamwita msaliti wa tabaka. Wakaingia kwenye thamani ya ziada: je, kola iliyoshonwa kando ya kitanda ina unyonyaji sawa na iliyoshonwa kiwandani? Saa nzima ikaenda hapo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukipindua cherehani. Mama Kola alinyoosha mkono mara ya pili, akaambiwa asubiri. Akanyoosha mara ya tatu, na mwenyekiti akajifanya anasoma karatasi.

Kura zikapigwa. Kumi na tisa kwa kumi na moja, mabwanyenye uchwara. Nadharia alimwita kila mtu ukumbini ndugu, isipokuwa aliyezaliwa naye.

Mgomo ukaanza Jumatatu bila dai lile. Siku ya tatu gari la Tajiri likapita nyumba kumi na nane, likishusha vitambaa, na safari hii haikuwa kola tu, yalikuwa mashati mazima. Mama Kola akashona shati zima kwa mara ya kwanza maishani, na hakusikia raha yoyote. Asubuhi ya pili yake mdogo wake alisimama mlangoni, jasho linamtoka.

"Dada, unavunja mgomo."

"Mgomo wa nani?"

"Wa wafanyakazi!"

"Mimi ni bwanyenye, baba. Si umeliandika mwenyewe? Bwanyenye hagomi. Sogea, unanizibia mwanga."

Alifanya vibaya, na alijua anafanya vibaya. Hasira hasara. Lakini nani kati yetu angekalia tusi lile kimya, tena kutoka kinywani mwa mtoto uliyemkunjia suruali za shule?

Siku ya tisa mgomo ukafa. Viongozi walifukuzwa wote. Nadharia na Miwani wakatoa kila mmoja waraka wake wa kumlaumu mwenzake, kurasa nane kwa nane, na hakuna waraka uliotaja kola. Kisha Nadharia, kwa kukosa pa kula, akahamia kwa dada yake. Dada akampa godoro.

Wiki iliyofuata Tajiri aliajiri wasichana wapya wa kiwandani kwa nusu ya ujira, na wasichana walihitaji vyerehani. Wapagazi wawili waliingia chumbani na orodha, hata hodi hawakupiga, wakakipindua cherehani kitandani.

"Arobaini na moja," mmoja alisoma. "Ndicho hiki. Beba."

Nadharia aliinama akakisoma kibati. Akakisoma tena. Mpaka gari lilipoondoka alikuwa bado ameinama pale, anatazama alama ya grisi kwenye shuka.

"Dada," alisema. "Hakikuwa chako."

"Hakikuwa."

"Sasa mbona hukusema?"

Mama Kola aliitazama kola ya shati la mdogo wake, imekaa upande, akaiacha hivyohivyo.

"Nilinyoosha mkono," alisema. "Mara tatu."