Mstari wa Pili

Mimi simwamini mtu asiyegombana na wateja. Nimesuka nywele hapa Durban, mtaa wa Overport, miaka kumi na mmoja, na wale wapole kupita kiasi ndio walioondoka bila kunilipa. Kwa hiyo Pierre-Claver Nzeyimana alipokuja kuniomba sehemu ya mbele ya saluni yangu, atengenezee simu hapo, nilianza kumkagua kwenye viatu. Vilikuwa safi. Hilo nalo sikulipenda, lakini kodi ya chumba ilikuwa imepanda, nikamkubalia.

Alikuwa Mrundi wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini kama mtu aliye ibadani. Kabla ya hapo alifanya kazi kiwanda cha plastiki Pinetown, na siku za mapumziko alijifunza kompyuta kwa vitabu vya maktaba. Alilala Berea, chumba kimoja na wenzake watatu. Alisema ana mke Bujumbura, jina lake Aurélie, na kwamba anakusanya nauli ya kumleta. Nilimsikiliza tu. Kila mwanaume anayeishi peke yake Durban ana mke mahali fulani, hasa anapotafuta chumba. Picha aliyonionyesha ilikuwa ya msichana mzuri mno kwa fundi simu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikajiambia, na kamba hii nitaiona.

Haikuchukua muda. Wateja wakipungua, Claver hakukaa kupiga soga kama wanaume wengine. Alifungua laptop yake iliyopasuka kona, akawa anaandika mistari ambayo haikuwa Kifaransa wala Kiingereza wala lugha yoyote ya watu. Nikamuuliza. Akanieleza yote bila kuficha, na mimi mtu asiyeficha kitu hunitia wasiwasi zaidi. Alisema kuna pesa isiyo noti wala sarafu, inaitwa bitcoin. Watu wa ng'ambo, ambao hajawahi kuwaona uso, walimlipa kwa pesa hiyo baada ya yeye kuwarekebishia programu zao. Sasa alikuwa anaunda chombo chake mwenyewe cha kuituma.

Chombo kilikuwa na vitufe viwili. Ukibonyeza JARIBU, kinaigiza safari nzima: pesa inatoka wapi, inafika kwa nani, njiani inakatwa ada kiasi gani, na hakuna kinachoondoka. Ukibonyeza TUMA, imeondoka kweli, na hairudi.

"Na banki yake iko wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna banki, Mama Agathe."

"Ofisi?"

"Hakuna."

"Eish. Basi hata polisi habatajua mahali pa kukukamatia."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Ningeendelea kumtazama kwa mbali kama si karatasi yangu ya ukimbizi kuisha muda. Foleni ya kuipata mpya ilikuwa ya miezi, na kaunta za kutuma pesa zilinirudisha zote. Mama yangu yuko kwetu Uvira, ana presha, na dawa zilikuwa zimebaki za siku nne. Kaka yangu Israël alinipigia kila asubuhi. Claver alisikia, maana chumba ni kimoja na mimi nikiongea na Uvira napiga kelele. Akasema nimpe randi eight hundred mkononi, naye atatoa bitcoin zake amtumie rafiki yake Bizimana, aliye Bujumbura, na Bizimana atampelekea Israël faranga. Bujumbura na Uvira ni pua na mdomo.

Nilimpa. Mwezi ulikuwa Machi, mwaka 2015, asubuhi ya Alhamisi. Nilivuta kiti nikakaa ubavuni pake, nione kila kidole.

Alibonyeza JARIBU. Ikatokea mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa mdogo, kwenda kwa Bizimana. Wa pili ulikuwa karibu mara tano ya ule wa kwanza, kwenda kwenye mfuatano mrefu wa herufi na namba.

"Hii ya pili inaenda kwa nani?"

"Inarudi kwangu. Ni chenji." Akageuza laptop nione vizuri. "Hii pesa haimeguki, mama. Ni kama noti. Kwenye taxi iliyojaa abiria, ukitoa two hundred kiti cha nyuma, si inapita mkono kwa mkono mpaka kwa aliyekaa mbele, halafu chenji inarudi hivyo hivyo?"

"Inarudi kwa mukono ileile. Hii adresi iko mupya. Haiko ile ulinionyesha juzi."

"Kila chenji naipa mfuko mpya. Ni kwa usalama tu."

Mfuko mpya! Nilimtazama, naye akanitazama kwa upole wake. Nauliza, ni mwizi gani atakwambia hivyo kwa mdomo wake mwenyewe? Nilitaka kumjibu, lakini nje mtu akapiga mluzi na wachuuzi wakaanza kuitana, "Metro! Metro!" Claver alikuwa na meza ya makava ya simu kwenye njia ya waenda kwa miguu, na kibali hakuwa nacho. Metro police, askari wa jiji, wakiifikia, mzigo wote unapanda gari lao. Alitoka mbio.

Nikabaki na ile skrini. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza. Yeye fundi wa simu za kupasuka, pesa nyingi hivi ameitoa wapi? Lazima ni ya wajinga wenzangu waliomwamini kabla yangu, na sasa anaihamisha mbele ya macho yangu huku akiniimbia habari za taxi. Kando ya mstari wa pili palikuwa na alama ndogo ya mkasi. Nikaibonyeza. Mstari ukatoweka, ukabaki wa mama yangu peke yake. Nikabonyeza TUMA.

Niseme kweli: nilifurahi. Nilirudi kwenye mashine yangu ya kukaushia nywele nikajifanya nafuta kioo.

Claver aliingia amekumbatia makava kifuani, jasho linamtiririka. Alitazama skrini akadhani mwenyewe ndiye aliyebonyeza kwa haraka yake. Halafu akasoma. Makava yakamdondoka moja moja.

"Chenji haikurudi," akasema.

"Imeenda wapi?" nikamuuliza, ukali wote tayari mdomoni.

"Imekuwa ada. Pesa ambayo haikupewa mstari wake inachukuliwa na wale wanaosajili safari hizi, huko duniani. Siwajui. Hakuna wa kumwomba." Alikaa. "Ilikuwa nauli ya Aurélie. Yote."

Hata hapo nilidhani anaigiza. Saa nane mchana Israël akapiga: eight hundred imefika kamili, dawa zimenunuliwa, mama anakusalimu. Nilimtazama Claver, ambaye tangu asubuhi hakuwa amegusa simu ya mteja yeyote, nikajua hakuwa anaigiza. Nilipaswa kusema dakika ile ile. Nilichukua ufagio nikafagia nywele.

Wiki zilizofuata alitafuta kosa ndani ya chombo chake. Alibonyeza JARIBU mara mia, na mara zote mia chenji ilirudi mahali pake. Alifuta kurasa nzima akaziandika upya, akakonda. Mimi hakunishuku hata kidogo, kwa kuwa aliamini msusi hawezi kujua habari hizo. Aprili ikaja, sisi wageni wa nchi nyingine tukapigwa mjini na maduka yetu yakafungwa siku kadhaa, na mwezi ule ule risasi zikaanza kusikika Bujumbura. Siku moja simu ya Aurélie haikupatikana tena. Claver aliweka yake mezani, akaitazama mpaka tulipofunga.

Mei, nikiwa namsuka mteja, nilimsikia ameacha kuandika. Nikainua kichwa. Alikuwa ameingiza upya safari ile ya Machi, kisha kwa mkono wake akabonyeza mkasi kando ya mstari wa pili, akabonyeza JARIBU. Ada ikaja ile ile, mpaka tarakimu ya mwisho. Akageuka polepole.

"Mama Agathe. Siku ile ya Metro ulikuwa umekaa wapi?"

"Kwa dryer," nikasema. "Juu ya nini unauliza?"

"Basi tu."

Hakuuliza tena. Jioni ile chombo kilikuwa na onyo jipya kwa herufi nyekundu: CHENJI HAIPO. UMEMUULIZA MWENYEWE? Tangu hapo sikujua anajua au hajui. Kila alipoleta chai nilinusa kikombe kwanza, mimi mkosaji. Alipopunguza sauti akiongea na mtu, nilijua ni mimi ninayesemwa. Wasiwasi niliomwekea mwaka mzima ukanihamia mimi.

Aurélie alifika Septemba. Alikuwa amekimbilia Tanzania kwa miguu, akakaa kambini miezi mitatu, kisha akaja nchi kwa nchi kwa pesa ambazo Claver alimtumia kidogo kidogo. Uzuri wa kwenye picha ulikuwepo, ila shavuni kulikuwa na kovu ambalo kwenye picha halikuwepo, na nywele zilikuwa zimenyonyoka pembeni. Nilimkalisha kwenye kiti changu kizuri nikamwambia leo halipi. Akanishukuru. Claver alikuwa ametoka kwenda Pinetown kununua vioo vya simu.

Nilisuka mistari sita. Nilivuta nywele mpaka nikawa namuumiza, naye hakulalamika.

"Claver aliniambia mashine ndiyo ilikosea," akasema mwenyewe, macho kwenye kioo. "Nauli ya kwanza."

Niliweka kitana chini. "Haikukosea. Ni miye. Nilizania ni mwizi, nikaifuta kwa hii mukono."

Aurélie alinitazama ndani ya kioo.

"Anajua tangu Mei," akasema. "Alisema siku ya kwanza tu ukinikalisha hapa, utaniambia mwenyewe. Mimi nilisema hutaniambia kabisa."

Akainamisha kichwa tena, nimalize upande wa pili.