Namba ya Damu ya Baba

Nauza dawa za mifugo na mbegu mjini Bariadi, na kazi hii imenifanya mtu wa kushuku. Chupa ikifika dukani naigeuza, nasoma tarehe, naangalia kama kizibo kimeguswa, na aliyeileta ananuna. Anune. Nimeshaona dawa ya kupe ambayo kupe waliiogelea wakatoka wamenenepa. Kwa hiyo baba alipoanza kukishuku kipimo chake cha damu, sikumcheka kama walivyomcheka wengine. Tabia hiyo nimeirithi kwake.

Baba anakaa Bukundi, Meatu, na ng'ombe wake na shamba lake la pamba. Msimu wa kuuza ukifika, makarani wa pamba walikuwa wakimwona kwa mbali wanaanza kusonya, kwa sababu alikuwa anakuja na jiwe. Uzito wa jiwe lile aliujua vizuri. Kabla pamba yake haijapanda kwenye mizani, jiwe linapanda kwanza. Mizani ikisema uongo juu ya jiwe, baba anageuza mkokoteni na kwenda kuuza kwingine, huku akimtaja karani na ukoo wake wote. Mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomharibu.

Ugonjwa ulianza na mkojo. Ukawa unakuja kwa shida, kisha kiuno kikaanza kumuuma. Kaka yangu mkubwa, anayekaa naye boma moja na kusimamia ng'ombe, akamleta Bariadi kupimwa kwenye maabara ya mtu binafsi. Kipimo kinaitwa PSA. Ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kila mwanaume ana kidogo kwenye damu. Tezi ikiwa na matatizo, hasa kansa, protini hiyo huvuja kwa wingi. Mwanaume mzima anatakiwa awe na namba ya kuhesabu kwa vidole. Ya baba ilikuwa mia na kitu.

Wakaenda Mwanza, hospitali kubwa. Huko wakamkata kinyama cha kupima, wakampiga picha za mifupa, wakasema ni kansa na imeshafika kwenye mgongo. Mimi sikwenda nao. Mvua zilikuwa zimeanza na duka lilikuwa limejaa watu wa mbegu. Baba Kiswahili cha mnadani anakijua, lakini cha hospitali kinampita, kwa hiyo kaka ndiye aliyemtafsiria kwa Kisukuma maneno ya daktari. Waliporudi, kaka alinipigia simu akasema tiba ni moja tu: upasuaji wa kuondoa korodani, kwa sababu kansa hii inalishwa na homoni za kiume. Wakichelewa, mgongo utabanwa na mzee hatatembea tena.

Siku chache baadaye baba akaja mwenyewe dukani.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, akiniita mama kama mabinti wanavyoitwa kwetu.

Akakaa juu ya mfuko wa mbegu za mahindi, fimbo katikati ya magoti. Ukutani kwangu naning'iniza koleo la kuhasia madume ya ng'ombe. Akaliangalia muda mrefu.

"Hilo bado unauza?"

"Nauza."

"Basi mwambie kaka yako asihangaike na nauli ya Mwanza. Anunue hapahapa."

Nilicheka, halafu nikaona hacheki. Baba amehasi madume tangu ujana wake, yake na ya majirani. Anajua dume likishakuwa maksai linakuwaje: linanenepa, linatulia, linavuta jembe, na hakuna anayeliogopa. Sasa mwanawe alikuwa amemwambia kwamba zamu imefika ya kwake.

Na lilikuwepo jambo jingine. Mama alikuwa ameshafariki, na baba alikuwa ameanza mazungumzo na mjane mmoja wa Lamadi aliyekuwa akileta dagaa na sato wa kukausha mnadani. Mahari ingetoka kwenye ng'ombe, na ng'ombe hao kaka alishazoea kuwaita wa kwake. Hata mimi yule mama sikumpenda. Alikuwa anacheka sana kila baba akizungumza, na baba yangu si mtu wa kuchekesha. Nilimwambia baba waziwazi kwamba simwelewi mama huyu anatafuta nini. Akanijibu kwamba anatafuta mume, kwani mimi nilidhani anatafuta trekta?

"Sasa angalia," akaniambia pale dukani, akihesabu hoja zake kwenye kichwa cha fimbo. "Mimi nataka kuoa. Kaka yako hataki nioe. Ghafla naumwa, na dawa ya ugonjwa wenyewe ni kuhasiwa. Hata Mwanza walianzia kwenye ile namba ya Bariadi. Na mwenye maabara aliyeitoa anakunywa chai na nani kila siku ya mnada?"

Anakunywa na kaka. Nilijua hilo. Na hesabu yake ilikuwa inakubali. Jioni ile nilipita kwenye maabara nikijifanya naulizia vipimo vya malaria, nikaichungulia mashine yao. Ilikuwa nyeupe, ndogo, ina taa ya kijani. Nikatoka sijui zaidi ya nilivyoingia.

Baba hakuningoja. Alifanya alichokuwa akifanya na pamba: akatafuta mizani nyingine. Miezi miwili baada ya kurudi kutoka Mwanza alipanda gari mwenyewe hadi Maswa, akaingia maabara ambayo hakuna anayemjua, akajiandikisha kwa jina lisilo lake, akatoa damu. Aliniambia baadaye dukani, na nilijivunia akili yake. Mashine haikujua yeye ni nani, haikumjua kaka wala yule mama wa Lamadi. Kama ni uongo, ungeonekana.

Namba ya Maswa ikatoka karibu mia mbili.

Mimi nikajua kwamba yamekwisha, ni kansa kweli. Yeye akaona ushindi. Kwenye pamba, mizani mbili zikitofautiana, kuna mwizi, na katika maisha yake yote hakuwahi kukutana na sababu nyingine.

"Umeona? Hawakupatana vizuri. Huyu wa Maswa kazidisha."

"Baba, hukupimwa siku moja. Miezi imepita, ugonjwa umekua. Na hata kama mashine hazilingani kabisa, zote zinasema gunia limejaa."

"Au wa Maswa kapigiwa simu."

"Ulitumia jina la uongo, baba! Wangempigia kuhusu nani?"

Akachukua fimbo yake. Nilidhani nimemshinda. Kisha akainuka kwenda, na nikamwona akishika ukuta. Mguu wa kulia ulikuwa unachelewa kidogo nyuma ya mwingine. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili yake. Namba mtu anaweza kubishana nayo, lakini mguu ule nilikuwa nauona kwa macho yangu, na kila siku aliyokaa akishuku ilikuwa inaula mgongo wake.

Nikafunga duka. Nikamwambia nitakwenda naye Mwanza, nitakaa chumbani, nitasikia kila neno kwa masikio yangu, na nikinusa hila nitamrudisha Bukundi mimi mwenyewe. Alikubali kwa sababu hiyo ya mwisho. Kaka naye akasema anakuja. Safari nzima baba alikaa dirishani, ametupa kisogo sote wawili.

Daktari alikuwa dada mdogo wa kutoka mikoa ya kaskazini, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Nilimshuku kwa upole huo. Nikamwomba aanze mwanzo. Akaeleza bila haraka, na mimi nikawa namwambia baba kwa Kisukuma. Akasema namba ile haitazamwi mara moja tu, inafuatiliwa. Homoni za kiume zikizimwa, kansa inakosa chakula na protini kwenye damu inapungua. Ikishuka chini sana na kubaki hukohuko, mgonjwa ana matumaini ya kuishi vizuri muda mrefu. Ikishuka kidogo tu, au ikianza kupanda tena, madaktari wanajua mapema kwamba matibabu hayashiki na wanabadilisha. Baba alisikiliza akiitikia kwa kichwa taratibu. Mizani inayopima kitu kilekile mara kwa mara, hiyo aliielewa.

"Na kama nilivyowaeleza mara ya kwanza," daktari akasema, "njia za kuzima homoni ni mbili. Upasuaji, au sindano kila baada ya miezi mitatu. Mliamua ipi?"

Sikutafsiri. Neno sindano baba hahitaji kutafsiriwa. Aligeuza shingo pole pole akamtazama kaka, na kaka akatazama viatu vyake.

"Sindano ni ghali, mzee," kaka akasema. "Na ni safari za maisha yote. Nilikuwa nakupunguzia mzigo."

"Ulikuwa unanipunguzia," baba akasema.

Nilitaka kumrukia kaka pale pale. Damu ilikuwa haijadanganya, Bariadi wala Maswa. Tulihangaika na mashine miezi yote ile, na uongo ulikuwa umekaa kwenye mdomo wa mtafsiri. Mpaka leo sijui kama alifanya kwa ajili ya ng'ombe au kweli aliogopa gharama. Nimemuuliza mara nyingi na kila mara ananipa jibu lenye sura tofauti.

Baba akamwuliza daktari, kwa Kiswahili chake mwenyewe, kama namba itashuka sawa kwa njia zote mbili. Daktari akasema ndiyo, kwa kawaida inashuka sawa, ila sindano haitakiwi kuchelewa. Ikirukwa, homoni zinarudi na kansa inaamka.

"Sindano nani ananileta?"

"Ndugu zako, mzee. Wanao."

Baba akafikiri. Kisha akasema, "Kata."

"Baba, hapana," nikasema. "Nitakuleta mimi. Kila miezi mitatu, nafunga duka, nakuleta. Usikubali kwa ajili yake."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Wewe na yeye mmenyonya ziwa moja, mayu. Kisu kikikata leo, kimemaliza. Sindano itanifanya niwasubiri ninyi mpaka nife."

Nikaapa kwa kaburi la mama kwamba sikujua. Daktari akasema anaamini sikujua. Baba akamwomba atutoe nje, sote wawili, na amwitie muuguzi yeyote anayesema Kisukuma na asiye wa ukoo wetu. Wakampata mama mmoja wa Magu kutoka wodi nyingine. Hatukuwa tumewahi kumwona kabla ya siku hiyo.

Upasuaji ulikwenda salama. Mguu umepata nguvu, anachunga mwenyewe asubuhi, na yule mama wa Lamadi alihamia Bukundi bila sherehe. Bado simwelewi, na bado anacheka sana. Kaka amejenga mji wake pembeni.

Baba akienda kupima, mimi ndiye ninayempeleka. Hilo ananiruhusu. Nalipa nauli, nabeba maji, namshika mkono kwenye ngazi. Jina lake likiitwa, muuguzi wa Magu anatoka kumchukua na mlango unafungwa. Akitoka namtazama usoni kama ninavyotazama chupa, natafuta kizibo kilichoguswa, na sioni kitu.

Safari iliyopita nilishindwa kuvumilia.

"Baba, namba imeshuka?"

"Imeshuka."

"Imefika ngapi?"

Akafunga kifungo cha koti. "Twende," akasema, "gari litatuacha."